Mwalimu wa Farasi Akifariki: Msiba wa Miyuji na Wanafunzi Walioachwa

Mwalimu wa kupanda farasi anapofariki, wafiwa huwa wa namna mbili. Wapo waliozaliwa naye na aliowazaa, na wapo aliowapandisha kwenye tandiko kwa mara ya kwanza, akatembea kando yao ameshika kamba mpaka woga ukawatoka. Wa kwanza wana nafasi yao msibani na kila mtu anaijua. Wa pili hawana. Hufika na uchungu wa kweli, wakakosa pa kuupeleka. Hukaa viti vya nyuma, hutoa rambirambi, hula, na baada ya mazishi huondoka. Kumbe hao ndio wanaojua mambo ambayo ukoo hauyajui: nani alilipa ada ya miezi mitatu mbele, farasi yupi alikuwa mali ya marehemu na yupi aliwekwa kwake kutunzwa, tandiko lipi liliazimwa, na deni la pumba liko duka gani.

Kazi yenyewe ni adimu Tanzania. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, ambako askari hujifunza kutoka kwa askari waliowatangulia. Kilimanjaro na Arusha yapo mashamba yanayofuga farasi kwa ajili ya safari za watalii na mafunzo ya watoto. Nyanda za kati hazijawahi kuwa nchi ya farasi, na sababu si uvivu wa wafugaji. Virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni hasa msimu wa mvua, na farasi asiye na chanjo akiupata mara nyingi hafiki mwisho wa wiki. Punda hupata virusi hivyohivyo akapona, pengine bila mwenyewe kugundua. Juu ya hapo wapo ndorobo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, na wote walikufa siku za mwanzo za safari. Alipoingia Ugogo, nchi inayozunguka Dodoma, hakuwa na hata mmoja. Ndiyo maana mnyama wa kazi wa Dodoma ni punda, anayebeba madumu ya maji, magunia ya mtama na kuvuta mkokoteni.

Kwa hiyo mwalimu wa farasi ambaye kwao ni Miyuji, kata ya Jiji la Dodoma iliyo kaskazini mwa mji, kwa kawaida aliipata kazi mbali na nyumbani. Huenda alianza utotoni kwa kuswaga punda kisimani, akaajiriwa shambani Arusha kufagia mabanda, akapandishwa cheo kidogokidogo hadi akawa ndiye anayeitwa mwalimu. Akifariki, msiba huwa na vituo viwili: shamba alikofundisha na nyumba ya ukoo Miyuji. Kati ya vituo hivyo kuna zaidi ya kilomita 400 za lami kupitia Babati na Kondoa. Mambo mengi yanayoharibika katika msiba wa namna hii huharibikia kwenye umbali huo.

Habari husafiri kwa simu, na hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Mwanafunzi mwenye uchungu anaweka picha ya marehemu kwenye kundi la WhatsApp na maneno ya kuaga kabla mama mzazi, aliyeko Miyuji, hajaambiwa. Utaratibu wa zamani una akili yake. Habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima, kwa miguu, akiwa na mwenzake, na aghalabu huanza kwa jirani ili mfiwa asikute taarifa akiwa peke yake. Mwenye habari huketi kwanza. Huulizia hali. Mama akiona wageni wawili wazima wameketi kimya asubuhi, ameshaanza kuelewa. Walioko shambani wanatakiwa kungoja neno kutoka Miyuji kwamba wazazi wameshajua; baada ya hapo picha zina wakati wake.

Kinachofuata ni karatasi, na heri ishughulikiwe siku ileile. Hospitali hutoa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani huandikiwa kupitia ofisi ya mtaa au kata. Mwili ukisafirishwa mkoa hadi mkoa, dereva huhitaji nyaraka za kuonyesha njiani. Kisha kifo husajiliwa kwa mfumo wa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, na sheria inataka kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Muda huo ukipita bado usajili unawezekana, ila mlolongo huwa mrefu zaidi. Bila cheti cha kifo benki haifungui akaunti ya marehemu, mfuko wa hifadhi ya jamii haulipi, na mahakama haianzi shauri la mirathi. Familia nyingi hukumbuka cheti miezi minane baadaye, siku ada ya shule inapodaiwa.

Nyumbani Miyuji turubai hufungwa, viti vya plastiki hukodiwa, na kuni au mkaa huanza kuletwa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mtaa umejaa watu wa kila mkoa, na msiba mmoja huweza kukusanya Wagogo, Warangi, Wachaga na Wasukuma chini ya turubai moja, kila mtu na alivyozoea kwao. Hata hivyo mpangilio hufanana. Wanawake huwa ndani au uani, kwenye mikeka na majamvi, wakimzunguka mfiwa mkuu. Wanaume huwa nje, usiku wakiota moto. Anayeingia husema "Poleni na msiba," naye hujibiwa "Tumeshapoa." Hupeana mikono na waliopo, hata asiowafahamu. Kisha hukaa, na kukaa kwenyewe ndiko kufariji. Mtu wa mjini huona ameketi saa mbili bila kufanya lolote. Mfiwa huyakumbuka masaa hayo kwa miaka.

Mwanafunzi wa marehemu asiyejulikana na ukoo hana haja ya hotuba. Hujitambulisha kwa mtu anayesimamia shughuli, ambaye kwa kawaida ni baba mdogo, mjomba au shemeji, kwa sentensi moja: ni nani, alifundishwa nini na marehemu, anatoka wapi. Mzee huyo atamfikisha kwa mjane. Mjane huitwa mama, hata kama mwanafunzi anamzidi umri kidogo, kwa sababu mume wake alikuwa mwalimu. Mgeni kutoka nje ya nchi aliyefundishwa na marehemu hupokelewa vivyo hivyo, ila aambiwe mapema kuhusu mavazi: kitenge au khanga kwa mwanamke, suruali ndefu kwa mwanamume. Kaptura na viatu vya kupandia farasi, hata kama vimevaliwa kwa kumuenzi mwalimu, wazee huvisoma kama dharau.

Mezani karibu na mlango kuna kaunta buku. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula, safu tatu: jina, kiasi, mahali anapotoka. Mmoja anapokea fedha, mwingine anaandika, na pembeni pana sahani iliyofunikwa kitambaa. Anayetoa 2,000 huandikwa sawa na anayetoa 200,000, na vitu pia huingia: gunia la mahindi, debe la maharage, ndoo ya mafuta, mzigo wa kuni. Kitabu hicho hakitupwi. Familia hukihifadhi kwa sababu ndicho kumbukumbu ya deni la utu: aliyekuja leo atafiwa kesho, na mtu atafungua ukurasa kuona alileta nini. Wanafunzi wa mbali wanaotuma kwa M-Pesa au Airtel Money wana kawaida ya kukusanya kwenye kundi lao na kutuma jumla moja. Ni afadhali majina yao yaandikwe moja moja kwenye buku, na mweka hazina wao atume orodha pamoja na fedha. La sivyo kitaandikwa "wanafunzi wa Arusha" na mjane hatajua amshukuru nani.

Namba ya kupokelea michango iwe moja, ya mtu aliyetajwa na kikao cha familia, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na lililotangazwa. Misiba ya watu waliojulikana na wengi huvuta matapeli haraka kuliko nzi. Michango ya nje ya nchi huwa mikubwa, nayo ikitumwa kwa rafiki wa marehemu badala ya familia, huzaa ugomvi ambao hata mazishi hayautulizi.

Lakini kabla ya fedha kuna wanyama. Farasi hana likizo ya msiba. Alfajiri baada ya kifo, wakati ukoo mzima unapanga safari ya mwili, bandani mnyama wa kilo 400 anagonga mlango kwa kwato akidai chakula. Kwa siku anahitaji majani makavu kilo nane hadi kumi na maji yasiyopungua lita ishirini, na joto likizidi ni zaidi. Akikosa maji, au akibadilishiwa chakula ghafla na mtu mwenye huruma anayemmiminia pumba, tumbo lake husokota. Farasi hawezi kutapika, na msokoto wa siku moja unaweza kumuua. Mtu wa kwanza kuombwa kazi msibani basi ni mwanafunzi anayejua banda. Aingie, asome ubao au daftari la marehemu kuona kila farasi hula nini na saa ngapi, aongeze maji, atoe samadi, akague miguu kwa mkono kutafuta joto au uvimbe. Awatoe nje kama walivyozoea. Asipande. Farasi waliozoea sauti moja huwa wasumbufu sauti hiyo inapokosekana, na siku hiyo si ya kuanguka.

Kazi hiyo ya bandani ni mchango mkubwa kuliko wa kaunta buku, ingawa hakuna safu ya kuuandika. Anayeifanya aandike gharama zote, kwa tarehe na risiti, kwa sababu majani na pumba za wiki mbili ni deni halali la mirathi na linastahili kulipwa kabla ya warithi kugawana. Wakati huohuo wanunuzi huanza kupita. Wapo wanaofika mazishini kabisa, wakimvuta shemeji pembeni: farasi watadhoofu, mjane hataweza, yeye yuko tayari kuwachukua leo kwa bei ya huruma. Jibu lake ni fupi. Kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, awe kaka au mtoto wa kwanza. Akiuza anajiingiza kwenye kosa, na mnunuzi anaweza kujikuta anamrudisha mnyama.

Mazishi yenyewe hufuata dini na mila ya nyumba. Mwislamu huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa mapema iwezekanavyo, jambo ambalo kwa aliyefia Arusha mara nyingi humaanisha kuzikwa hukohuko, na Miyuji kubaki na dua na khitma. Kwa Wakristo, ambao Dodoma ni wengi, hasa Waanglikana na Wakatoliki, mwili husubiriwa, hulala nyumbani usiku mmoja, kisha ibada au misa na makaburini. Msimu wa kiangazi ardhi ya Dodoma hukakamaa, na vijana huchimba kaburi kwa zamu kwa sururu tangu usiku. Mwanafunzi wa kiume mwenye nguvu anayechukua zamu yake shimoni amejitambulisha kwa ukoo kuliko kwa maneno yoyote.

Halafu kuna watani. Anayetoka utamaduni mwingine hushtuka: katikati ya kilio, mtu anaibuka amevaa kofia ya marehemu, ameshika fimbo yake, anatembea kwa mwendo wake na kuwakaripia waombolezaji kama alivyowakaripia wanafunzi. Anaweza kuketi mbele ya jeneza na kudai alipwe ndipo lipite. Watu wanacheka huku machozi yakiwatoka. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 makala kuhusu utani na koo za Wagogo, na inafaa kusisitiza walichokiona wengi: utani si uchekeshaji wa kukodi. Ni uhusiano wa koo wenye haki na wajibu wake, na katika msiba mtani anaruhusiwa yale ambayo mfiwa mwenyewe hawezi. Mtani mzuri atataka kujua kwa wanafunzi marehemu alikuwa akisema nini mtu akiporomoka kwenye tandiko. Wamwambie. Ni nafasi adimu ambapo maisha ya bandani yanaingia msibani kwa mlango wa heshima.

Je, farasi mwenyewe aletwe makaburini? Duniani desturi hiyo ipo. Katika mazishi ya Rais John F. Kennedy mwaka 1963, farasi mweusi aliyeitwa Black Jack aliongozwa bila mpandaji, viatu vikiwa vimegeuzwa nyuma kwenye vikuku vya tandiko. Mwaka 2022, mwili wa Malkia Elizabeth wa Uingereza ulipofika Windsor, Emma, farasi wake mdogo aliyempenda, alisimamishwa kando ya njia. Picha hizo hupendeza na wanafunzi hutamani kuziiga. Miyuji kuna vikwazo vya kawaida kabisa: farasi asiyezoea umati, vilio, matarumbeta ya kwaya na turubai linalopigwa na upepo ni hatari kwa watoto waliojaa kila upande, na safari ya saa nane ndani ya lori humchosha mnyama bila faida kwa yeyote. Hatamu na tandiko alilotumia marehemu, vikiwekwa mezani karibu na picha yake kwa idhini ya familia, vinatosha. Vingine vyote ni kuwafanya wafiwa watazamaji wa msiba wao.

Pwani ya Waswahili nayo ina historia ya farasi, ila imewasahau walimu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia watoto wa kasri la Mtoni walivyofunzwa kupanda wanyama tangu wadogo, wakisimamiwa na watumishi. Msiba wa baba yake, aliyefia baharini mwaka 1856, ameueleza kwa kirefu. Waliowashikia hatamu watoto hao hawakupata msiba wa kuandikwa.

Matanga yakishaanuliwa, turubai likarudishwa kwa mwenyewe na ndugu wa mbali wakapanda mabasi, ndipo shida ya familia inapoanza. Utamaduni wa msiba Tanzania ni hodari mno kwa siku za mwanzo na dhaifu kwa miezi inayofuata. Wiki ya kwanza mjane halali peke yake, hapiki, hanunui hata chumvi. Wiki ya sita hakuna anayebisha hodi. Wanafunzi wa marehemu, ambao hawakuwa na nafasi siku za kilio, wangefaa zaidi wakijipangia kipindi hiki.

Jambo la kwanza la kipindi hiki ni mirathi. Kikao cha ukoo hukaa, humpendekeza msimamizi, na muhtasari wake huandikwa na kusainiwa. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Nyingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kwa kutegemea thamani ya mali na namna marehemu alivyoishi. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake ndani ya miezi minne, labda aongezewe muda. Hapa ndipo wanafunzi wanapohitajika kama mashahidi, maana marehemu wa kazi hii huacha mali za ajabu machoni pa ukoo. Tandiko la ngozi lililochakaa, ambalo mpwa angelitupa, laweza kuwa na thamani ya ng'ombe kadhaa. Farasi watatu bandani, ambao kaka anawahesabu kama urithi, wawili wanaweza kuwa wa wateja wanaolipa kwa mwezi. Orodha ya kila kitu na mwenyewe, yenye picha, iliyoandikwa na watu wawili waliofanya kazi na marehemu, huzuia kesi tatu.

Mjane anastahili kuelezwa haki zake na mtu asiye na maslahi. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto mjane hupata nusu ya robo, yaani moja ya nane, na asipoacha watoto hupata robo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimnyima mjane urithi na kumweka mikononi mwa watoto au ukoo. Tangu hapo mahakama zimeanza kuisogeza hali hiyo: mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, iliamua mwanamke ana haki sawa ya kuuza ardhi ya ukoo, na sheria za ardhi za 1999 zilibatilisha mila zinazombagua mwanamke katika ardhi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliikosoa Tanzania kwa malalamiko ya wajane wawili waliofukuzwa kwenye nyumba zao. Kwa vitendo, mjane wa Miyuji anayejua haya mapema, na ambaye kuna watu wanaomtembelea, hanyang'anywi kirahisi. Wageni wa mara kwa mara ni ulinzi.

Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi, naye hukaa nyumbani kipindi hicho isipokuwa kwa dharura. Anayetaka kumsaidia asimwite ofisini. Ampelekee karatasi nyumbani, akiwa na mwanamke mwenzake.

Mafao nayo hufuatiliwa. Kama marehemu aliajiriwa na shamba au kampuni, mwajiri alipaswa kumchangia NSSF, na mfuko huo una mafao ya warithi na msaada wa mazishi. Askari au mtumishi wa umma aliyefundisha farasi huhudumiwa na PSSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2018. Aliyeanguka kutoka juu ya farasi akiwa kazini, au aliyepigwa teke bandani, familia yake ina madai mengine kabisa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na fidia hiyo haiondoi pensheni. Tatizo ni kwamba walimu wengi walilipwa kwa siku, bila mkataba. Hapo picha, jumbe za simu za malipo na ushahidi wa wanafunzi kwamba mtu huyu alikuwa hapa kila siku saa kumi na mbili asubuhi huweza kuwa kila kitu.

Ada iliyolipwa mbele ni jambo dogo linalochafua majina makubwa. Kisheria ni deni la marehemu. Wanafunzi wenye uwezo wanaweza kulisamehe, na wafanye hivyo kwa maandishi kwa msimamizi wa mirathi. Kusamehe kwa mdomo mbele ya jeneza na kudai baada ya mwezi kumetokea mara nyingi mno.

Uchungu wa wanafunzi wenyewe hauna matanga. Mtoto wa miaka tisa aliyefundishwa na mtu yuleyule kila Jumamosi amefiwa, hata kama hakuna anayempa pole. Aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba mwalimu amefariki na hatarudi. Ule usemi wa kwamba "amelala" au "amesafiri" humfanya amngoje, na wapo watoto walioanza kuogopa kulala. Kama mwalimu alikufa kwa kuanguka, mtoto atauliza kama na yeye atakufa. Ajibiwe ukweli: kuanguka hutokea, kofia ngumu husaidia, na kuna siku za kupanda na siku za kushuka. Arudi bandani kwanza kwa kumsugua farasi na kumlisha, bila tandiko. Watu wazima nao, hasa waliokuwepo ajali ilipotokea, hujilaumu kimyakimya kwa miezi: laiti ningeshika kamba, laiti ningemwambia yule farasi hakulala vizuri. Mazungumzo hayo yafanyike baina yao, si mbele ya mjane, kwa maana yeye huishia kuwa mfariji wao.

Swali la mwisho ni nani atafundisha. Dodoma ina mfano mkubwa, japo si wa farasi. Hukwe Zawose, Mgogo mpigaji wa ilimba na zeze aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alifariki Desemba 2003. Mwaka uliofuata akafariki Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake aliyepiga naye majukwaa ya dunia. Wengi waliona sauti hiyo imekwisha. Wanawake wa familia, ambao kwa miaka walisimama nyuma wakiimba na kupiga ngoma za muheme, waliendelea, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe, Maisha. Ilichukua miaka ishirini. Mrithi wa kazi hakuwa yule ambaye wengi wangemtaja makaburini.

Katika banda la farasi mambo hayangoji miaka ishirini, kwa sababu farasi asiyefanya kazi anakula mtaji. Mwanafunzi mkubwa anayetaka kuendeleza mafunzo kwa wanyama wa marehemu huanza na msimamizi wa mirathi, si na wateja. Wanakubaliana kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili: familia itapata sehemu gani ya kila somo, nani atalipa majani, chanjo ya kila mwaka na upunguzaji wa kwato wa kila wiki sita hadi nane, farasi akifa hasara ni ya nani, na makubaliano yatadumu mpaka lini. Muda mfupi ni bora, kama miezi sita, kisha yapitiwe upya. Jina la marehemu likitumika kwenye kibao cha banda, hilo pia liandikwe. Na fedha zilipwe kwa mjane au kwa akaunti ya mirathi kila mwezi, kwa tarehe moja, hata mwezi ambao wanafunzi walikuwa wanne tu na kiasi ni kidogo cha kuona haya.